Shabiki wa nyuma anapokukera uwanjani

Pole sana dada. Kumpeleka mwanao Dabi ya Kariakoo, mechi ya Simba na Yanga, halafu jamaa wa nyuma anapuliza vuvuzela sikioni na kutukana dakika zote 90, inaumiza. Mimi yalinikuta Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kwenye viti vya bei nafuu vya mzunguko: shabiki wa nyuma alinimwagia soda, ikanitiririka mgongoni hadi kiunoni. Nikageuka, nikasema taratibu, "Kaka, nina mtoto hapa." Akapoa, hata akaomba radhi.

Anza hivyo, kabla hasira hazijakupanda. Akikaidi, hama, ila siku ya dabi viti 60,000 hujaa, kwa hiyo ingia mapema ukae karibu na familia nyingine, upande wa timu yako.

Akiwa amelewa au anasukuma, usibishane naye kabisa. Mwite askari. Ukiumizwa, ripoti polisi upewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali kutibiwa.