Tekila Nyeupe, Ndimu ya Leo na Kipimio

Mhariri, swali lenu la wiki hii limetuuliza wasomaji ni tekila ipi, ile pombe kali ya Mexico, inayofaa kununuliwa kwa ajili ya kokteli za nyumbani, na ichanganywe na nini. Jibu langu ni kwamba mtu anunue tekila nyeupe ya bei ya kati, iliyotengenezwa kwa agave peke yake, mmea wa jamii moja na mkonge, kisha uangalifu wake wote auelekeze kwenye ndimu, chumvi, barafu na vipimo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu hapa Dar es Salaam wengi wetu tunafanya kinyume: fedha zinaishia kwenye chupa ya rangi ya dhahabu, halafu inamiminiwa juisi ya boksi mpaka mnywaji hawezi tena kutambua kama ni tekila au ni pombe kali nyingine yoyote.

Kwa sheria ya Mexico, tekila hutokana na aina moja tu ya agave, ile ya bluu, na jina lake limelindwa tangu mwaka 1974. Inaruhusiwa kutoka jimbo la Jalisco, ulipo mji wenyewe wa Tequila, na katika baadhi ya maeneo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inakubali madaraja mawili chini ya jina moja. La kwanza ni lile ambalo sukari yake yote imetoka kwenye agave, na lebo hutamka hivyo waziwazi: 100% agave. La pili linatakiwa kuwa na asilimia 51 tu ya sukari ya agave, na sehemu iliyobaki inaweza kuwa sukari nyingine, mara nyingi ya miwa. Lebo ya daraja la pili huandika jina la tekila bila kufafanua zaidi, na chupa nyingi za bei rahisi zenye rangi ya dhahabu ni za daraja hili, rangi yenyewe ikiwa ni karameli iliyoongezwa. Kwa hiyo mnunuzi asiangalie rangi hata kidogo. Atafute maneno hayo ya agave, na yasipokuwepo airudishe chupa kwenye rafu.

Baada ya hapo kuna suala la umri. Ile inayoitwa blanco, yaani nyeupe, haikukaa kwenye pipa, au ilikaa chini ya miezi 2. Reposado imekaa miezi 2 au zaidi. Añejo angalau mwaka 1. Pipa la mwaloni huipa pombe harufu ya vanila na viungo, jambo zuri kwa anayekunywa taratibu bila kuchanganya, lakini harufu hiyo hufunika kile ambacho kokteli inakihitaji. Kiini cha agave, ambacho huchukua kwa kawaida miaka 6 au zaidi kukomaa na kufikia uzito wa makumi ya kilo, huokwa ili kabohaidreti zake zigeuke sukari, na ni katika kuokwa huko ndipo inapopatikana ile ladha ya utamu wa mmea uliopikwa, yenye ukali wa pilipili manga kwa mbali. Blanco huibeba ladha hiyo bila kizuizi, na asidi ya ndimu huizidisha. Kuimwaga añejo kwenye juisi ni sawa na kutia zafarani kwenye mchuzi wa pilipili. Reposado naikubali katika kokteli chache, hasa zenye ukwaju au asali, lakini si chupa ya kuanzia.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya pekee ya kuijali agave. Mkonge wetu ni agave pia, ndugu wa ile ya Jalisco, na uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea Tanga na kwingineko. Nimewahi kuulizwa kama mkonge unaweza kugeuzwa tekila nyumbani. Hauwezi: si aina inayokubalika kisheria, majimaji ya jani lake huwasha ngozi, na kutengeneza pombe kali jikoni ni hatari kwa maisha. Kwa sababu hiyo hiyo ya usalama, chupa inunuliwe kwenye duka linaloeleweka, na stempu ya kodi ihakikiwe kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu kabla ya kulipa.

Sasa nije kwenye kuchanganya, ambako ndiko naona tuna bahati kubwa kuliko tunavyojua. Ndimu ndogo yenye ganda jembamba tunayoinunua sokoni, iwe Kariakoo au Kisutu, ni ya aina ile ile wanayoikamua Mexico. Hakuna haja ya kuibadilisha kwa limau, na juisi ya ndimu ya chupa isikaribishwe kabisa, kwa kuwa ladha yake ni bapa na huacha uchungu. Ndimu ikamuliwe siku hiyo hiyo, muda mfupi kabla ya wageni kufika, kwa maana katika joto la mji huu juisi iliyolala hupoteza uhai wake.

Margarita, ambayo ndiyo ningeanza nayo, inahitaji mililita 50 za tekila, 25 za ndimu na 20 za pombe tamu ya machungwa kama Cointreau. Chupa hiyo ya pili ni ghali, na asiye nayo anaweza kutumia machungwa ya Muheza, yale yanayobaki ya kijani hata yakiiva: achune ganda la nje la machungwa manne bila ule utando mweupe, alivuruge na gramu 100 za sukari, aliache usiku mzima litoe mafuta yake, kisha aongeze mililita 100 za maji ya moto na kuchuja. Sharubati hiyo haina kilevi, ina harufu nzuri mno, na mililita 20 zake zinatosha glasi moja. Anayependa asali aipunguze makali kwa maji ya moto kwa kiasi sawa, atumie kidogo zaidi ya nusu ya kipimo hicho, na akumbuke kwamba asali ya Tabora yenye rangi nzito inaweza kuishinda tekila.

Vifaa visimtishe mtu. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina mistari ya mililita, na kikisafishwa vizuri ni kipimio cha kuaminika. Chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko imara inatosha kutikisia. Chujio la chai linafanya kazi ya chujio. Kinachohitaji umakini ni barafu. Igandishwe kwa maji ya kunywa, iwe ya vipande vikubwa, na itikiswe kwa nguvu kwa sekunde 12 hadi 15, kwa kuwa maji yanayoyeyuka humo ni sehemu ya kinywaji chenyewe. Kwenye mdomo wa glasi ipakwe chumvi ya mawe iliyotwangwa pamoja na pilipili kavu, nusu ya mzunguko tu ili mnywaji achague. Mtu aliyekulia hapa akila embe mbichi kwa chumvi na pilipili ataelewa mara moja kwa nini inafaa.

Kwa wageni wengi napendelea jagi la balungi: kwa kila glasi, mililita 50 za tekila, 60 za juisi ya balungi, 15 za ndimu, sukari kidogo na chembe za chumvi, vyote vikapoe kwenye friji bila barafu, na maji ya soda yaongezwe mwishoni ndani ya glasi. Anayeendesha gari atengewe jagi lake la ukwaju, ndimu na tangawizi, lenye chumvi ile ile kwenye mdomo wa glasi, na liandaliwe kwa vipimo kamili kama lile lingine.