Nilibonyeza "Ndiyo" badala ya "Hapana" bungeni, nifanyeje?

Mheshimiwa, umeeleza kwamba ulikusudia "Hapana" ukabonyeza "Ndiyo", na sasa wapiga kura wako wanakuita msaliti. Naelewa uchungu huo.

Kinachoamua hapa ni wakati. Kabla Spika hajatangaza matokeo, simama papo hapo kuhusu utaratibu, yaani omba nafasi ya kueleza kosa hilo. Yapo mabunge yanayoruhusu kura kurekebishwa katika hatua hiyo. Matokeo yakishatangazwa, hesabu kwa kawaida haiguswi tena. Huko Hispania, tarehe 3 Februari 2022, mageuzi ya sheria ya kazi yalipita kwa kura 175 dhidi ya 174 baada ya mbunge mmoja wa upinzani kukosea kura yake, na matokeo yakabaki vilevile.

Kwa kuwa matokeo ya kura yako yameshatoka, mwandikie Katibu wa Bunge leo hii, ukiomba nia yako halisi iingie kwenye kumbukumbu rasmi. Bunge la Ulaya hupokea masahihisho ya namna hiyo bila kubadili matokeo. Kisha waeleze wapiga kura wako ukweli, kwa mdomo wako mwenyewe.

Kama unashuku mashine, usiilaumu hadharani bila ushahidi. Omba kwanza mfumo ukaguliwe. Na ikiwa kura yako ndiyo iliyoamua matokeo, muone mwanasheria anayezijua Kanuni za Kudumu za Bunge kabla hujatamka lolote.