Swali la Lugha: "Sumu ya dawa" au "usumu wa dawa"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nasaidia kwenye utafiti wa dawa inayofungwa ndani ya vijifuko vidogo mno vya mafuta ili isimwumize mgonjwa. Fomu ya ridhaa imeandikwa kwamba tunachunguza "sumu ya dawa na usafirishaji wake". Mama mmoja aliposomewa, alichukua mkoba wake akaondoka. Kosa liko kwenye maneno, au ni uoga wake tu?

JIBU: Marahaba. Mama hana kosa.

Sumu kwetu ni kitu, na mara nyingi nyuma yake kuna mkono wa mtu: fulani kalishwa sumu, kanywa sumu, katiliwa sumu kwenye uji. Ukimsomea mtu "sumu ya dawa" anaelewa kwamba dawa imetiwa kitu, au kwamba ni dawa ya kuulia. Na neno dawa lenyewe halimtulizi. Dawa ya homa huondoa homa, dawa ya panya huondoa panya. Dawa ya meno tu ndiyo, alhamdulillahi, huyaacha meno mahali pake.

Watafiti hawazungumzii kitu, wanazungumzia sifa: uwezo wa kemikali kudhuru. Sifa kwa Kiswahili tunaijenga kwa u-, kama mtu akazaa utu na chungu ikazaa uchungu. Kwa hiyo usumu. Upatanisho nao hubadilika: sumu hii ni kali, lakini usumu huu ni mkubwa.

Tofauti si ya sarufi peke yake. Chukua parasetamoli. Ukimeza vidonge viwili vya miligramu 500 hakuna atakayesema umekula sumu. Mtu mzima akivuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane, ini linaanza kuingia hatarini. Kidonge ni kilekile, kipimo ndicho kilichozidi. Sumu tunauliza ipo au haipo. Usumu tunauliza ni wa kiasi gani. Ndiyo maana "sumukuvu", ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, imeundwa sawasawa: hapo kweli ni kitu, kimetoka kwenye kuvu.

Hata hivyo, usumu lipeleke kwenye ripoti, si kwa mama. Kwenye fomu andika "madhara". "Athari" imelegea, maana athari yaweza kuwa njema. Tanzania kuna pia "maudhi madogo madogo", na kwa kichefuchefu yanatosha, lakini figo zilizoharibika ukiziita maudhi unamdanganya mtu anayekutilia sahihi.

Sasa huo usafirishaji. Mimi nikiusoma naona lori la Bohari ya Dawa likipanda mlima. "Utoaji wa dawa" nao unanipeleka dirishani, kwa mfamasia. Mnachofanya nyinyi ni kufikisha. Salamu tunazifikisha kwa mwenyewe, hatuziachi kwa jirani. Vivyo hivyo dawa inatakiwa ifike kwenye ugonjwa, si kwenye figo. Ufikishaji dawa, basi.

Mfano hauko mbali. Amfoterisini B hutibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, nayo inajulikana kwa kuumiza figo. Wataalamu waliifunga kwenye vijifuko vya mafuta viitwavyo liposomu, na figo zikapata nafuu. Utafiti uliofanywa kwa watu wenye VVU Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya aina hiyo, pamoja na vidonge vya wiki mbili, haikuzidiwa na matibabu ya kudunga amfoterisini ya kawaida kila siku kwa wiki nzima, na madhara yalikuwa machache. Molekuli ni ileile. Ufikishaji ulibadilika, usumu ukapungua. Ona sentensi hiyo inavyokaa. Jaribu kuiandika kwa "usafirishaji" na "sumu" uone itakavyokwama.

Fomu yako ningeiandika hivi: "Tunataka kujua kama dawa hii, ikifungwa kwenye vijifuko vidogo vya mafuta, itafika kwenye ugonjwa na kukuletea madhara machache zaidi." Kisha yataje madhara yenyewe, moja moja, kwa majina yake. Baada ya hapo mama akichukua mkoba wake, mfungulie mlango.