Jibu: Msambazaji akikukataza kuuza chini ya bei yake

Mdau, unasema msambazaji wa rangi amekuandikia kwamba ndoo ya lita 20 isiuzwe chini ya bei yake, la sivyo anakukatia mzigo. Kwa Kenya hilo limekatazwa na kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya 2010. Kupendekeza bei anaruhusiwa, mradi aseme wazi kwamba haikufungi. Hicho kitisho cha kukata mzigo ndicho kinachomtia hatiani, hata akiiita "bei elekezi".

Usimjibu "sawa". Hapo ndipo wenye maduka wengi hujinasa: ukikubali, nawe umeingia kwenye mapatano, na adhabu yaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Wala usimpigie mwenye duka jirani mkapatana bei. Hilo ni kosa jingine, tena zito.

Hifadhi ujumbe wenyewe pamoja na tarehe yake, oda ulizotuma, na ankara za kabla na baada ya kukatiwa, kisha lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukitaka siri, iombe kwa maandishi, ingawa kama mnaouza rangi yake mko wawili tu mtaani, msambazaji atakisia kuwa ni wewe.