Kushusha difu na propela ya Datsun 240Z: msikate bolti kwa gesi

Mkuu, umesema 240Z yako, ile Datsun ya Nissan, inagonga ukiachia klachi, na fundi anataka kukata bolti za shafti kwa gesi ili difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu) ishuke haraka. Mzuie. Yangu niliishusha hapa Dodoma, gereji za Kizota, na hakuna bolti iliyokatwa.

Kabla ya yote kagua raba inayoshika difu kwa mbele. Kwenye hizi gari raba hiyo ikiachana na chuma chake, pua ya difu hurukaruka kila unapoachia klachi. Weka jeki chini ya pua, inyanyue taratibu huku unamulika tochi. Pua ikipanda na raba ikafunua mdomo, ugonjwa ndio huo. Tikisa na krosi (viungo) za propela pia, ile shafti inayotoka gia boksi hadi kwenye difu. Wapo walionunua difu nzima kumbe raba tu.

Kama bado inabidi ishuke, gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Legeza nati ya kujazia oili kabla hujafungua ya kumwagia, maana ikikugomea baadaye utabaki na difu tupu.

Magari yaliyokaa Dar husumbua kwa kutu ya chumvi. Huku kwetu kutu ni kidogo, shida ni vumbi lililoshikana na oili mpaka vichwa vya bolti havionekani. Langu nilikwangua kwa bisibisi pana, nikasugua kwa brashi ya waya na dizeli, nikaliacha lilale hivyo. Asubuhi ring spana ilizama mpaka chini na nati zikaachia. Wengi wanakimbilia spana ya mdomo. Inateleza, inakula kona za nati, ndipo mtungi wa gesi unapoitwa.

Egzosi itoke kwanza, inaziba njia. Piga alama ya tindo kwenye flenji (sahani ya kuungia) ya propela na ya difu ili zirudi zilivyokuwa, la sivyo gari linaweza kutetemeka ukikolea mwendo. Fungua bolti nne, vuta propela itoke kwenye gia boksi, na uzibe tundu kwa kipande cha tyubu oili isimwagike. Shafti za pembeni zitoe kabisa, usiziache zikining'inia.

Sasa weka jeki ya toroli chini ya difu na muwe wawili, ni chuma kizito. Fungua mkanda unaopita juu ya pua, kisha chuma cha mbele chenye raba, mwisho nati mbili zinazoishika difu kwenye chuma kirefu cha nyuma. Stadi za difu (bolti zisizo na kichwa) zinaangalia nyuma, kwa hiyo difu lazima isogee mbele ndipo ishuke. Propela ikiwepo difu haisogei.

Ukinunua kile chuma kirefu cha nyuma mtumba, angalia mwaka: katikati ya 1971 Nissan walirudisha difu nyuma milimita 35, na cha mwanzo kimenyooka, cha baadaye kimepinda.

Gari hili lilishinda Safari Rally 1971 na 1973 kwenye vumbi letu la Afrika Mashariki. Linastahili spana safi na subira.

Wakati wa kurudisha weka oili ya 80W-90 GL-5, karibu lita moja, gari likiwa limelala sawasawa bila kuinama, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.