Ukitaka kujitengenezea saa ya mkono, usianze na unayoipenda

Kama una saa ya marehemu babu iliyosimama siku nyingi na unataka kujifunzia ufundi hapo hapo, iweke kwanza. Izungushie kitambaa, irudishe ilikokuwa, kisha utafute mashine nyingine ambayo hakuna atakayeililia. Ushauri huu nampa kila anayeniuliza, na ndio unaopuuzwa kuliko yote, kwa sababu watu wengi hawavutwi na saa kwa ujumla. Wanavutwa na saa fulani, na ndiyo hiyo iliyowafanya watafute bisibisi. Naelewa. Lakini mkono unaojifunza huharibu, na hilo halikwepeki.

Hapa nazungumzia saa za kutia ufunguo na zile otomatiki zinazojijaza kwa mwendo wa mkono. Saa za betri zina mambo yake.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, ichunguze saa kutoka nje. Nyingi ninazoletewa zikiwa "zimekufa" hazikuhitaji kufunguliwa. Otomatiki iliyolala kwenye droo haiamki kwa kutikiswa mara mbili tatu. Zungusha kile kitufe cha pembeni taratibu, mara ishirini au thelathini, uone kama mshale wa sekunde utaondoka. Angalizo: zipo ambazo hazijazwi kwa kitufe kabisa. Seiko zenye mashine ya 7S26 ni mfano mzuri. Ukizungusha kitufe chake hakuna kinachojaa, nawe utadhani kimevunjika, kumbe ndivyo zilivyoundwa. Hizo unazipepesa kwa mzunguko wa polepole, halafu unazivaa.

Wapo pia watakaokuambia saa imekufa kwa sababu ilitiwa ufunguo kupita kiasi. Usiwasikilize. Saa iliyojaa na haitembei kwa kawaida ina uchafu au mafuta yaliyokauka. Kama mashine inapiga lakini mishale haisogei, kile kibomba kidogo kinachobeba mshale wa dakika huenda kimelegea. Ikisimama kila mara mishale inapopishana, itazame kwa ubavu kwenye mwanga mkali, utaona mmoja umejikunja na unamgusa mwenzake.

Na saa ikianza ghafla kukimbilia mbele, dakika kadhaa kwa siku, mshukiwa wangu wa kwanza ni sumaku. Kava la simu, spika, kifungo cha mkoba, vyote vinayo. Ndani ya saa kuna springi nyembamba iliyojizungusha mizunguko mingi, ambayo kazi yake ni kurudisha gurudumu la mizani kila linapokwenda upande mmoja. Mizunguko hiyo ikinaswa na sumaku hushikana, springi inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu linacheza haraka kuliko inavyotakiwa. Isogeze saa karibu na dira. Sindano ikiruka, umepata jibu. Kifaa cha kuondoa sumaku ni rahisi kutumia: unabonyeza, unaisogeza saa mbali polepole hadi urefu wa mkono, ndipo unaachia kitufe. Ukikiachia wakati saa bado iko karibu umefanya kazi bure.

Kuhusu usahihi, weka matarajio yako mahali pake. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayochelewa sekunde 20 kwa siku imekosea sehemu moja tu kati ya elfu nne na ushee, na kwa mashine ya meno na springi hilo si jambo la aibu. Zipo programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa na kukuambia inakwenda mbele au nyuma kiasi gani. Mashine nyingi za kisasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kwa sekunde, na nyingi za zamani hupiga 18,000. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaona karibu na gurudumu la mizani kijiti chenye alama za + na −, au F na S, au A na R kwenye zile zilizoandikwa kwa Kifaransa. A ni kuharakisha, R ni kuchelewesha. Kisukume kwa kipande cha mbao kilichochongwa, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri, kisha upime upya. Mimi situmii chuma hapo, maana springi ile nyembamba iko pale pale pembeni, na ncha ya bisibisi ikiteleza umeipinda.

Haya, tuseme bado unataka kuifungua mashine yenyewe. Vizuri. Fedha yako iweke kwenye bisibisi na kibano kabla ya kitu kingine. Ncha ya bisibisi inatakiwa ijaze mfereji wa skrubu karibu wote. Ikiwa nyembamba itakwangua, ikiwa pana itachora chuma cha pembeni, na hiyo ndiyo michubuko unayoiona kwenye mashine nyingi zilizowahi kufunguliwa. Seti ya kuanzia milimita 0.6 hadi 1.6 inatosha. Ongeza kioo cha kukuza cha jichoni, kishikio cha mashine, na sinia jeupe lenye ukingo. Vifaa vya kupendeza vinavyouzwa kwenye mkoba mmoja wenye vipande hamsini sivipendi; nusu yake hutavitumia, na bisibisi zake ni laini zinazopinda.

Mashine ya kujifunzia ninayoipendekeza ni ETA 6497 au mojawapo ya nakala zake. Asili yake ni saa za mfukoni, ndiyo maana ina upana wa milimita 36.6, kubwa kuliko saa nzima nyingi za kike. Haina otomatiki, haina tarehe, na kila kipande unakiona. Mtu anayeanza na mashine ndogo ya kike ya zamani anajitafutia kichwa kuuma.

Kitu cha kwanza kabisa ni kuondoa nguvu iliyomo ndani ya springi kuu. Hapa sina mzaha. Pembeni ya gurudumu kubwa la juu kuna kijino kinacholizuia lisirudi nyuma. Shika kitufe cha pembeni kwa vidole viwili, kizungushe kidogo mbele ili kijino kipumue, kisukume kando kwa njiti, halafu uache kitufe kiteleze kinyumenyume kati ya vidole vyako, polepole, hadi kiishiwe nguvu. Utasikia springi ikilegea mkononi. Ukiruka hatua hii kisha ukatoa ule uma mdogo unaozuia magurudumu, yote yatazunguka kwa kasi ya kutisha na ncha za mihimili yake zinaweza kukatika.

Zoezi ninalompa anayeanza si kuvunja mashine yote. Ni kutoa gurudumu la mizani na kulirudisha, kisha kulitoa tena, hadi achoke nalo. Ndilo kipande kinachoharibiwa kuliko vyote. Unafungua skrubu moja, unainua daraja lake, kile kipande cha chuma kinacholishikilia kwa juu, kwa upole, na gurudumu linakuja likining'inia kwenye springi yake. Watu hushtuka hapo, wakalivuta. Usilivute. Liache lining'inie, geuza mkono, liweke mezani likiwa limelala juu chini. Wakati wa kulirudisha, lile jiwe jekundu dogo lililo chini yake lazima liingie katikati ya pembe za uma. Weka daraja bila kukaza skrubu, usogeze kidogo kidogo, na ghafla gurudumu litaanza kucheza lenyewe ukiwa umetia ufunguo kidogo. Hapo ndipo unapokaza, na hata wakati wa kukaza endelea kulitazama. Likisimama, legeza. Ukikaza kwa nguvu ncha ikiwa haijaingia kwenye tundu lake, imevunjika, na ncha ya gurudumu la mizani haiungwi nyumbani.

Daraja la magurudumu lina tabia hiyo hiyo, ila ncha ni nyingi zaidi. Lilaze juu, litie mgandamizo wa kidole tu, na uguse gurudumu moja moja kwa njiti hadi daraja lishuke lenyewe. Ukikaza, zungusha kitufe kidogo kabla ya kuweka uma. Magurudumu yakikimbia mbele kwa wepesi na mwishoni yakajirudisha nyuma kidogo, mambo ni safi.

Skrubu moja itakusumbua: ya lile gurudumu la pili la juu, linalopokea nguvu kutoka kwenye kitufe. Katika mashine nyingi inafunguliwa kinyume, kwa kuzungusha kuelekea kulia. Wakati mwingine huwekewa mifereji mitatu kama alama. Ikigoma, kabla ya kuongeza nguvu jaribu upande wa pili. Na skrubu au kitufe kidogo cha kuachia mhimili wa kitufe cha pembeni usikilegeze zaidi ya mzunguko mmoja hivi, la sivyo kipande kilicho chini ya uso wa saa kitaanguka na itakubidi utoe mishale na uso wote ili ukirudishe.

Piga picha kabla ya kutoa kila kipande. Na kila chenye springi kitolee ndani ya mfuko wa plastiki mweupe unaoona ndani, mikono na kibano vikiwa humo. Kikiruka, kimebaki mfukoni. Nje ya mfuko utakitafuta kwa tochi ukiwa umepiga magoti, na pengine hutakiona tena.

Kusafisha: benzini nyepesi ya viberiti vya kujazia inafaa, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Spiriti usiitumie kwa uma wala gurudumu la mizani, kwa kuwa mawe yake yamegandishwa kwa gundi ambayo spiriti huiyeyusha. Mafuta ni yale ya saa tu. Oili ya cherehani husambaa, dawa ya kupuliza ya kulainishia ni maafa. Tone lisijaze kikombe cha jiwe, yaani kile kishimo kidogo kwenye jiwe linaloshika ncha ya gurudumu. Zaidi kidogo ya nusu inatosha. Meno ya magurudumu yabaki makavu, na ncha za mhimili wa uma pia.

Saa ya zamani yenye namba za kung'aa, hasa ya kabla ya miaka ya 1960, usiifungue kabisa. Rangi yake inaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake halitakiwi kuingia puani. Kutokung'aa tena gizani si ushahidi kwamba imekwisha; kinachochakaa ni rangi, mionzi bado ipo.

Otomatiki yenye tarehe isibadilishwe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwani wakati huo meno ya tarehe tayari yameshikana na unaweza kuyakata. Sogeza mishale mbele kwanza.

Ukishaifunga, isikilize kwa siku nzima ikiwa imelala chali, kisha kifudifudi, kisha imesimama kwa ubavu. Tofauti kubwa kati ya mkao mmoja na mwingine huonyesha ncha iliyochakaa au uchafu uliobaki, na hapo urekebishaji wa kijiti hautakusaidia. Springi nyembamba iliyojifunga fundo ipeleke kwa fundi. Na usiingie nayo majini, hata kama kifuniko kimeandikwa mita 100, hadi gasketi, ile pete ya mpira inayozuia maji, iwe mpya na mtu mwenye kipimo cha shinikizo ameipima.