Kakako hana kiburi, mwanangu

*Shangazi, salaam aleikum. Kaka yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, mwaka wa tatu sasa. Dawa anameza na zile sauti zimenyamaza. Lakini nikizungumza naye, macho yake yameganda kwenye pindo la leso yangu. Nikinyamaza kidogo, "Mbona umeninunia?" Juzi mjomba kaja analia, kafiwa na rafiki yake, kaka akamwomba ampishe achukue mahamri. Nyumba nzima yasema ana kiburi. Ni maradhi au ni tabia? – Dada mtu, Majengo, Mombasa*

Waaleikum salaam, mwanangu. Ni maradhi, na hiyo leso ndiyo iliyonipa jibu.

Wewe ukimtazama mtu, macho yako hayatulii: jichoni, puani, mdomoni, yarudi jichoni, wala hujayatuma. Watafiti wamefuatisha kwa mitambo macho ya wenye skizofrenia wakitazama picha za nyuso. Wengi wao macho huhama mara chache, hukwama mahali pamoja, na hupita kando ya jicho na mdomo, palepale penye habari. Si jambo la jana. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Diefendorf na Dodge, walipiga picha mwendo wa macho ya wagonjwa wa aina hii, wakaona yanapata tabu kufuata kitu kinachotembea.

Basi mjomba alilia, kaka akaona kanzu. Uso wa furaha humfikia kwa urahisi zaidi. Wa hofu, huzuni na hasira ndio humpotea. Na uso uliotulia tu, usio na lolote, anaweza kuusoma kuwa umekasirika. Hapo namwelewa: mimi mwenyewe nikikaa kimya, wajukuu huulizana bibi kaudhiwa na nani.

Dawa asiache hata siku moja bila daktari. Ila dawa hutuliza sauti kuliko zinavyotengeneza hili, kwa hiyo usingoje dozi iongezwe ndipo akutazame.

Kile uso wako unachosema, kiseme kwa mdomo. "Nimechoka na kazi, sina kinyongo nawe." Zima televisheni kwanza, na mambo mawili usiyaseme kwa mpigo. Ila usimshike kidevu ukamwambia "nitazame!" Nimeona mama mmoja akifanya hivyo, kijana akaacha kula na wenzake.

Kliniki anakochukulia dawa, na kama hana ya kudumu, hospitali ya Port Reitz hapo Mombasa ina kitengo cha afya ya akili, uliza kuhusu mazoezi ya kusoma nyuso. Wako waliofunzwa kupeleka macho kwenye jicho na mdomo, wakaanza kutambua vizuri zaidi mwenzao ana nini.

Na leo jioni, kabla ya yote hayo, mwambie kaka kwamba mjomba alikuwa analia, kafiwa. Huenda mpaka sasa hajui.